Viganja Mlangoni pa Sinema

3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Na hiyo cherehani yako kongwe, bado inanguruma? Mimi mzima, ila uzee umepiga hodi ukaingia kabla sijaitikia.

Nina habari. Lile jumba la sinema lililoonyesha filamu zangu zote ishirini na mbili linakarabatiwa, na wanataka nikandamize viganja vyangu kwenye saruji mbichi pale mlangoni, alama ibaki daima. Nimefurahi, sikufichi. Siku hizi napishana na watu wasiojua kama niliwahi kuwa mtu. Juzi muuza dawa kaniuliza jina langu linaandikwaje! Mimi, ambaye wanawake walinyoa nyusi ili wafanane nami!

Nishonee glavu nyeupe za kubana vidole, makovu yangu ya viganjani yasitokeze. Sherehe ni tarehe kumi Aprili.

Dada yako

21 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Sisi wazima, mimi na cherehani.

Miaka arobaini nimekushonea glavu bila kuuliza neno. Hizi sishoni.

Unakumbuka filamu yako ya kwanza? Mpiga picha aliona makovu yako akasema mikono hiyo haifai. Mimi nilikuja kuleta gauni tu, mara nikavishwa pete yako, nikaambiwa fungua bahasha mbele ya kamera. Tangu hapo kila mkono uliofungua barua, uliofuta chozi, uliokunja ngumi, ulikuwa wangu. Tukakubaliana iwe siri, nami sikudai kitu. Nilikaa viti vya mbele nikiitazama mikono yangu, mikubwa kuliko mlango, kichwa kikanivimba peke yangu. Mama tu ndiye aliyetambua, akanifinya: "Dole gumba lile nalijua, nimelizaa mwenyewe."

Lakini mikono yako ndiyo ninayoijua zaidi. Nilikuwa na miaka mitatu, sufuria ya uji wa moto ikataka kunipindukia, ukaidaka kwa viganja vitupu. Uso wangu huu mzima ni kazi ya mikono yako. Ndiyo unayoionea haya? Uzuri wako kila mtu ameuona, Dada. Mikono hiyo hajaiona mtu. Iweke wazi, au usiende kabisa.

Mdogo wako

12 Aprili

Kitinda wewe,

Salamu utazipata baadaye, kwanza nikuseme. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaenda kununua glavu dukani, mbaya, za kushonwa na kipofu, na nikaenda nazo kwenye sherehe.

Juzi nikapiga magoti mbele ya umati. Mwashi alikuwa amelainisha saruji ikawa nyororo kama uji. Hapo nikakumbuka ulivyolia siku ile. Hukuungua hata kidogo, ulikuwa unalilia uji uliomwagika! Nikacheka mbele za watu. Nikavua glavu, nikampa mwashi, nikakandamiza.

Makovu yametoka yote, hakuna lililobaki nyuma. Mwandishi wa gazeti, mjuaji huyo, akauliza mbona mikono hii siyo ile ya kwenye filamu. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya kufika viti vya nyuma: "Ile ni ya mdogo wangu, fundi cherehani. Hii ni yangu, niliyomwokolea asiungue."

Halafu wakapiga makofi mpaka vioo vikatikisika. Nimepigiwa makofi maisha yangu yote, mdogo wangu, lakini juzi ndipo nilipojua kwamba ni mimi ninayepigiwa. Nina fahari hata kiatu hakinitoshi.

Sasa sikia. Nilikataa kuinuka mpaka waliponiahidi nafasi ya viganja vyako pembeni ya vyangu. Mwashi ameifunika kwa ubao. Usipokuja nitaijaza mwenyewe kwa miguu.

Hujambo lakini?

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo nitaileta mwenyewe. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nimefunika cherehani, nimekata kucha.

Mwambie mwashi asikoroge saruji kabla sijafika.

Kitinda