Padi Mbili na Waya wa Televisheni

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, isipokuwa goti la shangazi, nalo limepona ghafla tangu apate michezo. Ile kompyuta uliyoniachia nimeigeuza mashine ya michezo ya zamani, ile ya ndege na nyoka tuliyokuwa tukiigombania utotoni. Wala si kazi ngumu: unaweka programu kwenye flashi, unaichomeka, unaunganisha waya wa televisheni na padi mbili za kuchezea, basi. Shangazi anacheza kutwa, anawatukana maadui kama wamemwibia kuku.

Ila programu hiyo hufuta kila kilichomo kwenye kompyuta. Iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikakubali mara mbili.

Ndiyo, pamoja na sauti ya Mama. Zile salamu alizokurekodia kila Ijumaa, miaka miwili akiumwa, nawe ukaniambia uko bize, nizitunze, utazisikiliza ukipata nafasi. Hata mazikoni hukupata nafasi. Sasa ndipo unaponiandikia nikutumie zote, haraka. Usije ukadhani barua yako ilichelewa. Ilifika asubuhi, na kazi hiyo niliifanya mchana wa siku hiyohiyo.

Kabla ya kufuta nilikaa chini nikazisikiliza zote. Ile ya mwisho ilikuwa fupi. Alikuomba jambo moja tu, jepesi, ambalo hata leo ungeweza kumfanyia.

Shangazi anakusalimu. Ukija, padi ya pili ni yako.

Dada yako