Kuku Waliokataa Kutazamana

Mjukuu wangu, mume wangu Ambakisye,

Hapa Tukuyu mvua haijakatika wiki nzima, lakini sisi ni wazima na shangazi yako ameshavuna viazi. Unauliza kwa nini ndege uliyemchonga ubaoni, ukimchapa kwenye karatasi, anageukia upande mwingine. Umenikumbusha mbali!

Nikiwa msichana, kabla ya uhuru, nilichonga kuku kwenye nusu ya kiazi, nikampaka masizi yenye mafuta, nikamchapa mara mbili kwenye foronya ya mama. Nilitaka kuku wawili watazamane, lakini wote wakatazama mlangoni. Nikageuza kiazi, kuku akatoka kichwa chini miguu juu.

Mama akaja amefura. "Viazi vya mchana hivyo!" Kisha akainama. "Mbona huyu anampa mwenzake mgongo? Hebu tuone." Akamchapa yule kuku juu ya ile nusu nyingine ya kiazi, na alama ikatokea imegeuka. "Haya, chonga hapo; huyu ukimchapa atageuka tena, amtazame mwenzake."

Baba aliporudi kutoka shambani alikuta moto umezimika, na mama, masizi hadi puani, anachonga jogoo.

Ukija Desemba niletee chapa yako iliyoharibika. Ile nzuri waonyeshe wengine.

Bibi yako