Pasipoti chini ya kapeti ya gari

Shoga, hebu sikia. Niko uwanja wa ndege.

Unanijua kwa kuficha vitu. Pasipoti zetu nilizificha chini ya kapeti ya gari la kukodi, wezi wasizione. Tumesharudisha gari, tuko kwenye foleni, binti yangu ananiambia, "Mama, toa pasipoti."

Chini ya kapeti, shoga! Na tiketi zetu za bei nafuu hazibadilishwi!

Hakunigombeza. Alinikalisha, akatoka mbio kurudi kwa wenye gari, hapo nje ya uwanja. Zimebaki dakika kumi dawati la kupokea abiria lifungwe.

Chini ya kapeti!

Mara namwona anarudi na mwosha magari wao, mama mtu mzima aliyeshika pasipoti zetu, ananiambia huku anahema: "Bibi, usilie. Hata mimi huficha hapo hapo, ndiyo maana kila gari nainua kapeti."

Nimemkumbatia na povu lake lote.