Kibanja Ambacho Shangazi Hakumpa Mtu

Jumamosi, Kitendaguro. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimeshindwa hata kukunja nguo.

Jana mzee mmoja mwenye duka mjini, wa zile familia chache za Kihindi zilizobaki, aliniletea barua ya wakili kutoka Uingereza nimsomee kwa Kiswahili. Kaka yake kule aliacha nyumba mikononi mwa wadhamini, wampe mtoto wake yeyote watakayeona anafaa. Mzee alitaka kujua habari ya kodi ya urithi. Nikamweleza kama ilivyoandikwa: hutozwa kila baada ya miaka kumi, na tena nyumba inapokabidhiwa mmoja wao. Ila mtoto akifa kabla hajachaguliwa, kifo chake hakileti kodi, maana hakuwa na chake.

Mstari huo niliusoma mara mbili. Mzee akadhani umenishinda.

Nilikuwa namfikiria kaka yangu Deo.

Baba alirudi salama kutoka vitani, kisha ugonjwa ule wa kukonda ukamchukua, na mama miezi michache baadaye. Tukabaki watatu: Deo, mimi na mdogo wetu Asteria. Ukoo ukamkabidhi shangazi kibanja chetu cha Muleba, migomba na kahawa yote, akitunze mpaka aone nani anafaa kupewa.

Hakumpa mtu. Deo alikwenda kuvua samaki kisiwani Goziba, akarudi amekonda, na sote tukajua. Siku moja, baba mdogo akiwa ameketi pale mlangoni, Deo aliomba kitu kimoja tu.

"Shangazi, sema tu kwamba ni changu."

"Ni cha watoto wa kaka yangu," alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Deo akageukia ukutani. Baada ya wiki mbili tukamzika.

Sikumsamehe shangazi. Miaka yote hii namwamkia kwa adabu ya mdomoni tu, huku nakula ndizi za kibanja kile kile.

Jana ndipo nilipoelewa. Angelitamka neno lile, Deo angekufa akiwa mwenye kibanja, hana mke wala mtoto, na kwa kuwa kwetu dada hamrithi kaka, baba zetu wadogo wangekichukua kabla matanga hayajaisha. Asteria na mimi tungeondoka na vikapu vyetu kichwani.

Bado inaniuma. Si angemnong'oneza hata mara moja? Natamani Deo arudi japo kwa dakika tano, nimwambie mimi.

Na sasa nakumbuka mazishi. Baba wadogo walitaka azikwe kule mpakani mwa kibanja, kwa kuwa hakuwa mrithi. Shangazi akachukua jembe mwenyewe, akapiga alama ubavuni mwa baba, mahali anapolazwa mrithi. Nilidhani anajikosha.

Siku hizi haoni vizuri. Kesho nikitoka kanisani napanda gari la Muleba. Nitapiga magoti nimwamkie kama zamani, kisha nimshike mkono twende tukakae pale kwa Deo, kwenye kipande pekee alichowahi kugawa.