Ofa ya Miaka Mitatu Jangwani

Jumatatu, 3 Februari

Hati za mizigo thelathini na nane kabla ya chakula cha mchana. Mbili zilikuwa na anwani isiyo sahihi. Si kosa langu, lakini nilitoka jasho kana kwamba ni langu. Ghala hili la Landover lina baridi kuliko nje. Nafanya kazi nikiwa na koti.

Saa tisa Bwana Greg, meneja, aliniita ofisini. Nikajua nafukuzwa. Hata nilichukua kikombe changu mezani, nisije nikakiacha. Kumbe hapana. Kampuni inafungua ofisi katika ule mji wa Ghuba, wa jangwani, nilioishi miaka miwili kabla ya kuja Marekani. Ameuona kwenye wasifu wangu. Wanataka karani anayeujua mji. Mkataba wa miaka mitatu. Nyumba ya kampuni, peke yangu. Mshahara karibu mara mbili, bila kodi. Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilisema asante mara nne. Kisha nikauliza, na nikikataa? Akasema ofisi ya Landover itafungwa mwisho wa Mei, "lakini tusifike huko." Alikuwa ameshafika.

Naogopa kwenda. Naogopa kukataa.

Jumanne, 4 Februari

Sikulala vizuri. Nimekosea tarehe kwenye hati moja. Sijawahi.

Jumatano, 5 Februari

Nimechora mstari katikati ya karatasi. Kushoto mazuri ya mji ule, kulia mabaya. Nilidhani ingekuwa kazi ya dakika tano.

Mazuri yapo, nisijidanganye. Usafi. Nilitembea na pochi wazi na hakuna aliyenigusa. Nilipokuwa kule nilituma pesa nyumbani kila mwezi bila kukosa. Hapa, kodi ya nyumba, bima na gari ambalo nimeshaliuza vimekula karibu kila kitu. Kule nilikuwa na marafiki kutoka nchi tisa. Hapa nina kanisa na basi.

Mabaya. Joto la Julai, ambapo unakimbia kutoka mlango hadi mlango kama mwizi. Wasichana sita chumba kimoja. Wanaofanya kazi moja meza moja, na mishahara mitatu tofauti kwa sababu ya pasipoti tatu tofauti. Kibali cha kukaa ni cha kazi. Kazi ikiisha, siku zako zinahesabiwa. Unaweza kukaa miaka thelathini, ukazaa, ukazeeka, na bado ni mgeni. Sikuwahi kununua hata kiti kule. Hakuna aliyenunua. Kila mwezi kulikuwa na mtu anayeagwa.

"Hakuna anayenijua" nimeliandika pande zote mbili.

Halafu kuna hili, ambalo halikai upande wowote. Nina miaka minne na miezi miwili hapa tangu nije kwa bahati nasibu ya viza. Ikitimia mitano naomba uraia. Nikiwa raia namleta mama kutoka Njombe. Tangu baba afariki anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Nikikaa nje zaidi ya mwaka mmoja, hesabu inakatika na naanza upya. Hata kadi yenyewe ya ukaazi naweza kuipoteza. Nimesoma sheria hiyo mara sita, nikitafuta pa kupenya. Hapapo.

Mama sijamwambia lolote. Atapandisha presha.

Ijumaa, 7 Februari

Rehema, niliyelala naye kitanda cha juu na cha chini kule, bado yupo. Nilimwandikia. Amenijibu kwa sauti, dakika saba, huku nyuma kukisikika mashine ya kahawa. "Wewe mwenzangu una wazimu? Unapewa nyumba yako peke yako, unajiuliza? Mimi hapa sasa ni msimamizi. Nina dada wa kunifulia. Huko kwenu unafuliwa na nani?" Nimecheka peke yangu. Mwishoni sauti ikashuka: mkataba wake unaisha Agosti na bado hajaambiwa kitu. Mwaka wa nane huu, kila mwaka hivyo hivyo. Kisha akacheka tena na kukata.

Nimeisikiliza mara tatu. Haijanisaidia.

Jumapili, 9 Februari

Nimefanya upumbavu. Hapana, nimefanya jambo dogo la kawaida, wengine wakalifanya upumbavu, na mimi nikasimama nikitabasamu.

Kanisani kwetu Bladensburg kuna kikapu cha maombi. Unaandika hitaji lako kwenye kikaratasi, kiongozi wa akina mama analisoma mbele, watu wanaomba. Niliandika: "Naomba hekima kuhusu safari ya kikazi ya Ghuba." Sikuweka jina. Nilisahau kwamba mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao vyao vyote na mwandiko wangu wanaujua.

Kiongozi ni Auntie Njeri. Mkenya, anahudumia wazee majumbani kwao, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Alikishika kikaratasi, akakitazama, akanitazama. "Wapendwa! Mungu amemfungulia Upendo wetu mlango! Anaenda Ghuba!" Vigelegele. Hekima ilipotelea hapo. Mchungaji akaniita mbele, wakaniwekea mikono. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nilisema "Amina."

Hapa kwetu jambo likishapigiwa vigelegele mbele ya madhabahu limekwisha. Kulirudisha ni kama kumrudishia Mungu zawadi yake.

Kufikia saa nane kulikuwa na kundi la wasapu la kuniaga. Watu arobaini na watatu. Nimewekwa ndani. Nimejibu kwa alama ya viganja vilivyounganishwa. Najichukia.

Jumanne, 11 Februari

Baada ya kazi, nyumbani kwa Auntie Njeri. Vitenge vya sare vimeshanunuliwa, bluu yenye ndege. Akina mama wote watavaa Jumapili ya kuniaga. Nilisimamishwa juu ya kigoda katikati ya sebule nikapimwa.

Mama Béa ndiye fundi, Mkongo, pini mdomoni, gauni huliita robe. "Simama muzuri. Tutafanya robe mirefu, ya mikono, kule wanaangaliaka sana." Auntie Njeri alikuwa amekaa akikanda miguu yake, alikuwa ametoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili. "Huko utaolewa na mwenye visima vya mafuta, utusahau. Ama ututumie ngamia mmoja tumpaki hapo nje, jirani akome." Wakacheka hadi Mama Béa akatema pini.

Nikasema, "Auntie, bado sijasaini."

"Kusaini ni dakika moja."

"Sijui kama nitasaini."

Nadhani nilisema hivyo. Labda nilisema polepole. Mama Béa peke yake ndiye aliyenitazama. "Upendo, pumua," akasema. "Unapumua kidogo kidogo, robe itakukaza."

Auntie Njeri akasema, bila utani sasa, "Mimi ningepewa hiyo nafasi ningeenda jana. Jana, si kesho. Unajua nimeinua wazee wangapi na huu mgongo?" Nilishuka kwenye kigoda nikasema asante.

Nimekasirika na wote. Zaidi na mimi.

Jumatano, 12 Februari

Mkataba umefika, kurasa kumi na nne. Nimeusoma kama ninavyosoma hati za mizigo, neno kwa neno, rula chini ya mstari.

Ukurasa wa tisa, aya ya tatu: wakati wa taratibu za kibali, pasipoti ya mfanyakazi itahifadhiwa na wakala wa huko. Haisemi muda gani.

Nilikwenda kwa Bwana Greg. Nilikuwa nimeandika swali kwenye karatasi ili nisikwame. Akalisoma, akasema ni utaratibu tu, kila mtu anafanya hivyo, asingekuwa na wasiwasi yeye. Kweli asingekuwa na wasiwasi yeye.

Sijawahi kuliandika hili mahali popote. Baba alifariki Jumatatu nikiwa kule. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la chuma la mwajiri, na ufunguo alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa likizo milimani. Hakuna aliyekuwa mbaya. Waliniletea chai. Waliniambia subiri. Alhamisi wakaipata. Baba alizikwa Jumatano. Nilifika Njombe Jumamosi, wageni wakiwa wamebaki wanne, masufuria yameshaoshwa. Mama hakuniuliza kwa nini nilichelewa.

Niliporudi kule niliendelea kufanya kazi kwa bidii. Nilipata barua ya pongezi.

Ijumaa, 14 Februari

Barua pepe ya mistari mitano. Niliiandika upya mara kumi na moja. Nashukuru kwa kuaminiwa, sitaweza kuipokea nafasi hii. Nilibonyeza saa tano kasoro dakika mbili, nikaenda chooni nikakaa.

Bwana Greg alikuja mezani kwangu. "Una hakika?" Nilisema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Akasema ni uamuzi wangu, anauheshimu, na kwamba barua ya kusitishwa kazi mwisho wa Mei nitaipata wiki ijayo pamoja na wenzangu. Alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Sina furaha. Nilidhani ningekuwa nayo. Nina hesabu ya wiki kumi na tano tu kichwani.

Kundi la kuniaga leo limejadili pilau au wali wa nazi. Ujumbe tisini. Sijaandika kitu.

Jumapili, 16 Februari

Wote walikuwa wamevaa bluu. Na mimi. Gauni limenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, na hilo liliniumiza.

Mchungaji aliniita niseme neno la kuaga. Nilisema, "Siendi. Nimekataa hiyo kazi. Nilipaswa kusema Jumapili iliyopita." Nikarudisha kipaza sauti. Mtu mmoja nyuma alikuwa ameanza kigelegele, kilikatika katikati.

Kisha mchungaji akasema tuimbe, tukaimba vibaya.

Auntie Njeri alinikuta jikoni. "Umetuaibisha, Upendo. Watu wametoka mbali, mpaka Sterling, na magari, wengine wamebadilisha zamu. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nyumbani kwako, nikipimwa."

"Ile si kusema. Ile ni kunong'ona."

Ana haki. Nilianza kulia, akanipa sahani. "Kula. Hii pilau haijui kama unaenda ama unabaki." Mama Béa akasema robe haitarudishwa, nitaivaa Pasaka.

Tulipokuwa tunafunika masufuria Auntie Njeri aliuliza, akiangalia pembeni, "Na hiyo kazi, wameshapata mtu?" Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamweleza wanataka karani. Nikamweleza pia ukurasa wa tisa, na baba, na kabati. Alisikiliza hadi mwisho, mfuniko mkononi. Akasema, "Ungeanza na hiyo, mami." Akaendelea kufunika.

Jumatano, 19 Februari

Nilimpigia mama saa moja asubuhi. Kwake saa tisa alasiri. Nilimwambia yote. Ofa, kukataa, Mei. Kisha nikamwambia asihofu, kwa sababu baada ya miezi kumi naomba uraia, nikishaupata nitamleta.

"Kunileta wapi?"

"Huku, mama. Uishi na mimi."

"Mwanangu, mimi nina ng'ombe wawili na kwaya. Nitakuja wiki tatu, nikuone unavyolala. Kuhamia, hapana. Uliniuliza lini?"

Sikuwahi kumuuliza. Miaka minne nimefanya hesabu hiyo, na sikuwahi kumuuliza.

"Kwa hiyo umeacha kazi kwa ajili yangu?" akasema.

Nilisema nilidhani hivyo. Akaguna, akaanza kunieleza habari za viazi. Mvua imekuwa nyingi, vinaoza. Tuliagana vizuri.

Nilikaa nikisubiri hasira. Nafasi bado iko wazi. Wakala wa kule, aliyetuma mkataba, aliandika tena jana. Ningeweza kumwambia Bwana Greg leo hii kwamba nimebadili mawazo. Nilijaribu kuitunga sentensi hiyo kichwani na sikutaka kuimaliza. Basi si mama aliyenizuia. Nataka kubaki. Naogopa sana kubaki, sina kazi baada ya Mei, na nataka kubaki.

Basi lilichelewa dakika sita. Tulikuwa watu wanne kituoni. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, nikakaa.