Hadithi Aliyonyimwa Mama

Nyumba za Reli,
Nakuru.

Kwa mdogo wangu Nathani,

“Hadithi ya kubuni haijamfikisha mtu mbinguni. Anayemsimulia mgonjwa habari za nchi ya wafu alizozitunga mwenyewe humwibia saa zake za kutubu.”

Hayo ni maneno yako. Nimeyanakili kama ulivyoyaandika ili usije ukasema nimekusingizia. Niliyasoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimeketi, na nilipoketi ndipo nilipokasirika vizuri. Lakini mtu hamjibu ndugu yake kabla ya kumsalimu. Hujambo? Mke wako na watoto hawajambo? Mahindi yamefikia wapi huko Maragoli? Huku mvua imekuja kwa nguvu, na lile vumbi jeupe la ziwani lililokuwa likitukohoza limelala. Mimi ni mzima. Bado ni karani katika ghala la mizigo, bado nabishana na kila mtu, na bado vitabu vinanimalizia mafuta ya taa.

Na Mama je? Jirani yenu aliyekuja juzi kwa treni ya Kisumu aliniletea maneno ya dada yetu Berita, kwamba Mama halali. Haogopi kufa kwenyewe. Anaogopa atakaowakosa huko. Wale watoto wake wawili waliokufa wachanga, kabla hajasikia habari za ubatizo na kabla mimi na wewe hatujazaliwa, wazee wa kanisa lenu wamemwambia kuwa mbinguni hawamo, na hawajulikani walipo. Berita akaanza kumtungia hadithi ya mahali walipo, nawe ukamwondoa kitandani pa Mama ukisema huo ni uongo. Basi kaa kitako, nikueleze uongo umefanya nini hapa Nakuru.

Unamkumbuka Shadrak, yule mtu wa mlima wa pili kutoka kwetu, aliyekuwa nyapara wa gengi linalotengeneza njia ya reli upande wa Rongai? Aliugua mwaka huu, akalazwa hospitali, na daktari akamwambia mkewe Rasoa kwamba safari ya nyumbani haiwezi tena. Mtu huyu alikuwa akiviondoa vyuma vya reli vikiwa bado vina moto wa jua, na vijana wa gengi walimwogopa. Sasa hofu ilimshika kama homa. Alikuwa amekishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na Rasoa alipotaka kumlisha ilimbidi amng’oe kidole kimoja kimoja.

Mhubiri wa wodi alikuja akamwombea. Maombi yalikuwa mazuri, silaumu. Shadrak akasema amina. Mhubiri alipokwisha kutoka, akanigeukia.

“Amina nimesema, lakini huko nani atanijua? Nilitoka nyumbani kijana. Nitafika nisimame mlangoni kama mtu anayetafuta kazi.”

Nathani, katika mahubiri yako yote hujapata kulijibu swali hilo, maana hukuwahi kusimama mlangoni pa mtu ukitafuta kazi. Sisi tuliotoka kwetu tunalijua. Nami nimesoma vitabu vya mataifa mengi kuliko unavyopenda, na sijaona taifa ambalo halikubuni nchi ya wafu. Wengine waliweka mto na mtu wa kuwavusha. Wengine waliweka mizani, wengine bustani, wengine mlima wenye ngazi. Hawakubuni kwa ujinga. Walibuni kwa sababu miguu ya mtu haikubali kwenda mahali ambapo moyo wake haujapaona.

Nikamwambia Shadrak, “Ngoja nikupe hadithi.”

“Hadithi saa hizi?” akasema Rasoa. “Na jua hili? Karani, umesoma mpaka umesahau kwenu? Anayesimulia hadithi mchana mama yake hufa.”

“Hayo waliwatishia watoto, wasiache kuchunga ng’ombe wakakaa kupiga hadithi.”

“Haya, anza tuone.”

Na mimi, nisiyemwogopa Bwana Shauri wa wilaya wala mhariri wa gazeti, nilifunga mdomo. Habari za ugonjwa wa Mama zilikuwa zimekwisha kunifikia, hata kabla ya jirani yenu kuja. Siamini neno hilo hata kidogo, lakini sikuwa tayari kulijaribu kwa Mama. Kungoja usiku nako hakukufaa: wageni huingia alasiri tu, na tangu serikali itangaze Hali ya Hatari askari akikukuta gizani hakuulizi unakwenda kusimulia nini.

Kwenye kitanda cha pili alilala mzee wa Kikipsigis aliyevunjika mguu. Alikuwa akitusikiliza muda wote.

“Nyinyi Wamaragoli mnapenda kesi,” akasema. “Fungeni madirisha. Usiku ni giza tu.”

Basi tukafunga vile vibao vya madirisha. Dirisha moja lilikuwa limevunjika kibao, Rasoa akalitundikia blanketi. Dresa, yule anayefunga vidonda, akaja na uso mkali.

“Mnafanya nini humu?”

“Tunafanya usiku,” mzee akamjibu.

Dresa akatutazama, akaenda, akarudi na taa ya chemli.

Ndipo nikaanza. Nikasema palikuwa na mtu aliyefika nchi ya wafu akiwa na kifurushi kwapani. Akasimama nje ya boma, kofia mkononi, akijifunza maneno ya kujieleza, jinsi sisi sote tulivyofanya mbele ya ofisi ya kwanza tuliyoiona maishani. Sauti ikatoka ndani. Haikumwuliza jina. Haikumwuliza cheti. Ikamwuliza, “Ulitahiriwa na kina nani?” Akataja rika lake. Mara akasikia vicheko penye moto, na mtu akapiga kelele: “Mfungulieni, huyo ni wetu. Tumechoka kukipangusa kiti chake. Na mwulizeni msimu mmoja wa reli una miaka mingapi, maana alituaga kwa msimu mmoja.”

Shadrak alikuwa amefumba macho. “Huyo ni Musa,” akasema.

“Musa gani?”

“Mtoto wa mfua chuma. Alikufa ile njaa kubwa. Hawezi kuacha jambo lipite bila kutia maneno. Mwambie kazi ilinishika.”

“Mwambie mwenyewe. Mimi ni msimulizi tu.”

“Nitamwambia,” akasema Shadrak.

Lisome tena neno hilo, Nathani. Mtu aliyekuwa amekishika chuma kwa hofu amesema nitamwambia, kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

Wakati huohuo mhubiri akaingia, akataka kujua giza hilo ni la nini. Rasoa akamwambia akae, hadithi imefika pazuri. Hakukaa. Akasema hayo si mafundisho. Nikamjibu kwamba Bwana wetu mwenyewe alisema na watu kwa mifano, na sijasikia mtu aliyemwomba ushahidi wa mfano. Hata hivyo hakuondoka. Alisimama kando ya mlango mpaka mwisho, kisha akakohoa na kuuliza, “Na huyo mtu, walimpa chakula?”

“Kumbe na wewe unataka hadithi,” mzee akamwambia, na wodi nzima ikacheka. Shadrak alicheka mpaka tukamwinua apate pumzi.

Kuanzia hapo hadithi haikuwa yangu tena. Kila alasiri nilipotoka kazini nilikuta Shadrak ameongeza jambo. Ameleta ng’ombe wa baba yake. Amepitisha kijito nyuma ya boma. Mzee wa Kikipsigis akadai na watu wake wawe na malisho huko.

“Ng’ombe wenu watakula mahindi yetu,” Shadrak akamwambia.

“Basi lima mbali. Hata ukifa unataka kunitoa shambani?”

Na kuhusu saa za kutubu unazosema ziliibiwa, nisikilize. Shadrak ndiye aliyekuwa akimwita mhubiri kila siku baada ya hadithi. Alimwambia, “Niombee sasa. Zamani nilikuwa naogopa, sikuwa nasikia.” Mhubiri mwenyewe ameniambia hivyo, nawe ukitaka mwandikie.

Siku ya mwisho mimi nilikuwa ghalani. Rasoa alisimulia mwenyewe, madirisha yakiwa wazi na jua likiingia, maana mama yake alikwisha kufa zamani na hakuwa na wa kumhatarisha. Alinieleza hivi. Shadrak alimwuliza, “Nimefika wapi?” Akamjibu, “Umefika mlangoni, na Musa amesimama.” Shadrak akasema, “Mwambie aniachie kiti changu.” Akaenda. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, imefunguka, haikushika kitu. Tulimzika hapa, mbali na kaburi la baba yake, na hata gengi lake lililokuwa likimwogopa liliimba njia nzima. Rasoa hakulia kama mjane aliyeshindwa. Sisi hatukushindwa, ndugu yangu. Mauti ilimchukua mtu wetu, lakini haikumchukua akitetemeka.

Najua utakalosema. Utasema, je, kama Musa hayuko? Na wewe umejuaje kwamba hayuko? Kila mtu katika wodi ile alijua kwamba nabuni, na Shadrak alijua kuliko wote, kwa kuwa nusu alibuni yeye. Uongo ni kumwaminisha mtu usichokijua. Berita hakumwambia Mama, “Hivi ndivyo kulivyo.” Alimwambia, “Hapo kale.” Waliosema kwa sauti ya uhakika juu ya watoto wasiowajua ni nyinyi.

Nisalimie mkeo, na baba yetu mdogo aliyenifundisha herufi kwa kijiti mchangani. Msalimie na mama mkwe wangu, mwambie mjukuu wake amepata meno. Mke wangu anawasalimu nyote, ingawa anasema barua hii ni kali mno.

Sasa wewe Nathani, na nyinyi wazee wa kanisa ambao najua mmeketi hapo mkimsikiliza akiwasomea: ikunjeni barua hii mwende mkamwite Berita leo. Mrudisheni penye kitanda cha Mama, na kama hamtaki kusikia, tokeni nje mwimbe. Katika hadithi ya Berita, kama jirani alivyonifikishia, wale watoto wamekwisha kukua. Mkubwa alikuwa ameifikia njia, amemwona Mama anakuja, na amefungua kinywa ili amwite, ndipo mlipomkatiza. Mama amelingoja neno hilo maisha yake yote. Mwacheni Berita aliseme.

Kaka yako,
Ezra