Siku Ulinipandisha ku Mizani ya Kisense

Baba Mado, mwenye uko kule Kilwa, ngambo ya ziwa, na bibi yako mupya mwembamba,

Usifikiri nakuandikia juu ya upendo. Nakukumbuka vile mutu anakumbuka mwiba wenye ungali mu muguu.

Unakumbuka ile siku pa soko ya Kashikishi? Mi nilikuwa nimenenepa, uso umevimba, sauti nzito kama ya mwanaume, navaa sweta mu jua kali. Ukanipandisha ku mizani ya mifuko ya kisense, ile samaki ndogo ya kukausha, mbele ya batu bote. "Muone! Mufuko wa kisense unapunguka, bibi anaongezeka. Samaki imeenda wapi?" Batu bakacheka. We ulicheka kubapita. Kisha ukafunga mafuta ya mawese na kufuli. Nikakula bukari, ugali mutupu, na majani ya kuchemsha, na bado nikanenepa.

We, mutu wa samaki tangu utoto! Ulipima kisense ikiwa na maji, ukapima tena kisha juma mbili za jua. Haukujua kama inakauka?

Sasa sikia. Munganga wa hospitali ya Mansa alinitosha damu ya kupima. Akasema mafuta mu damu imepita kipimo, ile banaita kolesteroli. Nikamujibu: "Mafuta gani? Bwana aliifungaka na kufuli!" Akagusa shingo yangu. "Mama, hapa kuko tezi. Yako imechoka. Ikichoka, mwili unashindwa kutosha mafuta mu damu, na maji inabaki ndani, unavimba. Haiko mudomo wako."

Haiko mudomo wangu, Baba Mado!

Nakunywa kidonge kila asubuhi, mbele ya kukula. Mafuta mu damu ikashuka, uvimbe ukashuka. Sitakudanganya, mwili munene ningali nayo. Ni yangu.

Lakini sasa Mado anasikia baridi, anavimba, anasinzia pa kiti. Na we ukamwambia bwana wake: "Mupime. Anaibaka chakula kama mama yake." Mutoto wako mwenyewe! Nimemupeleka Mansa: ni tezi ile ile. Bwana wake angali anaamini maneno yako.

Ile mizani niliinunua, ni yangu leo. Mifuko yote ya Kilwa yenye kuvuka ziwa inapita pa mukono wangu. Yako haitapita mpaka we upande kwanza, batu bote bakiona, mukwe wetu akiwa pale, useme: "Nilimusingizia Mama Mado. Ilikuwa ugonjwa. Mado pia ni mugonjwa."

Bibi yako mwembamba atakushika mukono, usianguke.

Utavua viatu. Mi njo nitasoma kilo, na sauti ya nguvu.

Niko pa mizani,
Mama Mado, nkambo wa bajukuu benye haukuuliza hata majina